Jinsi ya Kuchagua Hosti ya Tovuti ya Kuuzia Picha Zilizochapwa

Kabla ya kulinganisha bei za hosti (kampuni inayohifadhi tovuti yako kwenye seva, yaani kompyuta zake zilizo mtandaoni), amua nani atakayechapa picha. Mengine yote yanafuata hapo.

Hatua ya 1: Mchapaji

Ukichapa mwenyewe, seva inabeba picha ndogo za maonyesho tu, na faili kubwa zinabaki kwenye diski yako. Ukitegemea maabara imtumie mteja moja kwa moja, lazima faili kubwa ziifikie maabara. SmugMug, huduma ya kuonyesha na kuuza picha, tayari imeunganishwa na maabara. Shopify, huduma ya maduka ya mtandaoni, huunganishwa kwa programu za nyongeza. WooCommerce, programu ya duka inayoongezwa kwenye WordPress (programu ya kuendesha tovuti), hukaa kwenye hosti unayoilipia mwenyewe: uhuru zaidi, na kazi zaidi. Hatua zinazofuata ni za anayechagua njia hii.

Hatua ya 2: Nafasi na data

Chapa ya sentimita 30 kwa 45, kwa pikseli 300 kila inchi, inataka picha ya takribani pikseli 3,543 kwa 5,315. Faili hiyo usiipandishe mahali pa wazi, maana yeyote atakayeipakua ataweza kuichapa. Pandisha nakala ya pikseli 1,600 upande mrefu, JPEG ya ubora wa 80, katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni.

Kisha piga hesabu. Ukurasa wenye picha 30 za KB 300 una MB 9. Ukifunguliwa mara 5,000 kwa mwezi, ni GB 45 za data.

Lakini GB si kikomo pekee. WordPress hutengeneza nakala za vipimo mbalimbali kwa kila picha, na WooCommerce huongeza zake, hivyo picha moja huzaa faili 8 au zaidi. Hosti nyingi za bei nafuu huweka kikomo cha idadi ya faili. Kikifikiwa, picha mpya hazipandi hata kama nafasi imebaki tele. Tafuta namba hiyo kwenye masharti, kwa kuwa mara nyingi haiandikwi penye bei.

Hatua ya 3: Maswali kabla ya kulipa

Je, seva ina ImageMagick, programu ya kuchakata picha? Isipokuwapo, WordPress hutumia nyingine iitwayo GD, ambayo inapopunguza picha hutupa wasifu wa rangi, yaani maelezo ya jinsi rangi zake zisomwe. Picha ya Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi kuliko sRGB, itaonekana imefifia, na mteja atapokea chapa isiyofanana na alichokiona. Ndiyo sababu ya kusisitiza sRGB.

Je, kache ya seva (nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zifunguke haraka) inaruka kurasa za kikapu na malipo? Isiporuka, mteja anaweza kuona kikapu kitupu au bei ya zamani.

Uliza pia kama PHP, lugha inayoendesha WordPress, inapewa kumbukumbu ya MB 256, na bei itakuwa ngapi mwaka wa pili. Ofa ya mwaka wa kwanza haikuambii mengi.

Hatua ya 4: Jaribio

Sajili domeini (jina la anwani ya tovuti) kwa kampuni nyingine, ili kuhama hosti kusikutese. Ndani ya muda wa kurudishiwa pesa, pandisha picha 20, nunua moja kwa simu ukitumia data ya kawaida, kisha rejesha tovuti kutoka nakala rudufu. Urejeshaji ukishindikana, dai pesa yako uhame.