Somo: Kupima nguvu ya mizizi kabla mahindi hayajalala

Mahindi yakilala, lawama zote hupewa upepo. Mimi huinama kwanza nikaangalia shina. Bua likiwa limevunjika kwenye pingili na kipande cha chini bado kimesimama, bua ndilo dhaifu. Likiwa zima lakini limelala kuanzia chini kabisa, na udongo umepasuka upande mmoja, basi mizizi ndiyo iliyoachia. Somo hili ni la hiyo ya pili.

Andaa mizani ya ndoano ya kilo 20 au zaidi (nzuri ni ile inayobakiza kipimo cha juu kabisa), mkanda mpana wa kitambaa, futi kamba, kipimapembe chenye uzi na kijiwe, jembe na daftari. Kamba nyembamba iache nyumbani, itakata bua.

Hatua ya 1: Subiri unyevu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Udongo mkavu hushika mizizi kama saruji, na kila mbegu itaonekana shujaa. Mazao hung'oka ardhi ikiwa imelowa, kwa hiyo pima siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, au mwagilia vipande vyote vya shamba unavyolinganisha sawasawa. Ukipima mbegu moja Jumatatu kwenye tope na nyingine Ijumaa kwenye ukavu, umepima mvua.

Hatua ya 2: Chagua mimea 10 au zaidi kila kipande. Mistari ya pembeni iache, pamoja na mimea iliyo jirani na pengo. Iliyopata nafasi hutanua mizizi, itakudanganya.

Hatua ya 3: Pima sentimita 50 kutoka ardhini, funga mkanda hapo, kisha kata bua juu kidogo ya mkanda. Usipokata, mmea ukishainama uzito wa majani na mahindi yake utakusaidia kuvuta, nawe utaandika namba ndogo kuliko nguvu halisi.

Hatua ya 4: Vuta taratibu, bila kushtua, ukikatiza mstari wa kupandia. Mkanda na bua vifanye pembe mraba muda wote, maana yake kadiri bua linavyoinama nawe unashusha mkono. Tega sikio: mizizi ya upande wa mbali nawe itaanza kukatika au kuchomoka, huku ya upande wako ikijikunja na kukandamiza udongo. Mizani itapanda, itasita, kisha itashuka. Namba ya pale iliposita ndiyo unayoitaka. Andika na pembe ya bua wakati huo.

Hatua ya 5: Hesabu. Kilo mara 9.8 unapata nyutoni (kipimo cha nguvu), kisha zidisha kwa kimo cha mkanda kutoka ardhini, kwa mita. Kilo 6 kwenye sentimita 50: 6 × 9.8 × 0.5 = nyutoni-mita 29.4. Mmea huohuo ungevutwa kwenye mita 1 mizani ingesoma kilo 3 tu. Kilo bila urefu hazina maana.

Hatua ya 6: Fukua. Pima upana wa tonge la mizizi (mizizi pamoja na udongo iliyoushika), hesabu mizizi ya vifundo vya chini iliyofika ardhini. Inayoning'inia hewani haishiki kitu.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini nisivute juu moja kwa moja kama karoti? Ni rahisi zaidi.
Ni rahisi kweli, na watafiti wengi wamefanya hivyo. Kunakuonyesha mmea una mizizi kiasi gani. Lakini upepo hauvuti kwenda juu, unasukuma kwa ubavu. Kama shida yako ni kulala, vuta kwa ubavu.

Na ngano je? Mashina yake ni membamba.
Funga mashina yote ya mmea mmoja pamoja, vuta karibu zaidi na ardhi, tumia mizani ya gramu. Kwenye ngano upana wa tonge la mizizi una umuhimu mkubwa: ushikaji huenda na upana huo kwa kipeo cha tatu. Tonge la sentimita 5 hushika karibu mara mbili ya lile la 4, udongo ukiwa mmoja.

Mimi nina mimea ya mbegu, sitaki kuiua.
Usikate. Inamisha hadi nyuzi 10 tu, soma mizani, achia. Hapo umepima ukakamavu (ugumu wa kuinama), hujapima nguvu ya mwisho. Iandike safu yake, usiichanganye na nyingine.

Namba zangu zote ziko chini, mbegu ni ileile ya jirani ambaye yake imesimama. Nifanye nini?
Rudi kwenye mizizi uliyofukua. Ikiwa imetafunwa, tafuta mabuu kwenye udongo. Ikiwa mizima lakini tonge ni jembamba, linganisha nafasi za kupandia na kiasi cha mbolea ya naitrojeni, zako na za jirani. Mimea iliyobanana hurefuka huku chini ikibaki myembamba. Msimu ujao panulia nafasi, na wakati wa palizi pandishia udongo shinani ili mizizi ya vifundo ipate pa kushika. Kisha acha mistari miwili bila kupandishia, uipime pia.