Broila wa wiki 8 anakula hela yako

Jamani wafugaji wa Buhongwa, Kisesa, Igoma hapa Mwanza na kwingineko, hili la kumsubirisha broila, yaani kuku wa nyama, nalikuta banda hadi banda na linawamaliza. Kuku kafika siku 35, ana kilo 1.8 mpaka 2, huyo ni wa kuuza, mtu anasema ngoja bei ipande, ngoja sikukuu, mara wiki ya 8 hiyo hapo na hela ya chakula imekata.

Piga hesabu. Broila wa wiki 6 anakula kama gramu 170 kwa siku, ukiwa nao 200 hizo ni kilo 34 kila siku, ukisubiri siku 14 ni kilo 476, yaani mifuko 9 na nusu ya kilo 50! Na kwa umri huo chakula kingi kinaenda kwenye mafuta na kuutunza tu ule mwili. Alafu huyu kazalishwa akue haraka, moyo na miguu vinazidiwa, ndo maana wale wakubwa kuliko wote wanaanguka mchana wa joto na mtu anakimbilia antibayotiki. Ukishampa dawa huuzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, umeongeza tena siku za kulisha.

Anza na siku ya kuuza, urudi nyuma. Unataka kuuza tarehe 24 Desemba? Vifaranga waingie kati ya tarehe 12 na 19 Novemba, sio Oktoba! Oda weka mapema. Siku ya 28 anza kuwapigia simu mama lishe, watu wa chipsi kuku na mahoteli ya mjini, usingoje siku ya 35 ndo utafute mteja. Kila wiki pima kuku 10 asubuhi kabla hawajala, na upime kwa mzani, mambo ya kumnyanyua kwa mkono na kusema huyu kilo mbili acheni kabisa. Siku ya 42 waliobaki uza hata kama bei imeshuka kidogo, au chinja uweke friza. Chakula kitoe masaa 8 mpaka 12 kabla ya kuchinja, maji yabaki.

Ukienda hivyo banda linapumzika wiki 2 na hela ya vifaranga wengine unayo.

Leya, yaani kuku wa mayai, msimhesabie hizi siku 42, yeye anaanza kutaga wiki ya 18 mpaka 20 na unakaa naye hadi wiki ya 72 au 80.