Dawa za kisukari kwa bima ya afya: mambo ya kuhakikisha kabla hujatoka kwa daktari

Fedha nyingi ambazo mgonjwa wa kisukari mwenye bima hujikuta akizitoa mfukoni hupotea katika hatua chache tu, kati ya chumba cha daktari na dirisha la dawa. Nimeliona jambo hili kwa miaka mingi nikimsindikiza mama yangu kutoka kijijini, wilayani Chamwino, kuja kliniki mjini Dodoma. Kadi yake ilikuwa hai, daktari alimhudumia vizuri, na bado kuna siku tulirudi nyumbani tukiwa tumelipa fedha ambazo hatukupaswa kulipa, kwa sababu hatukujua la kuuliza wala pa kuuliza.

Anza kwa kujua upo kwenye bima ipi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kutoa huduma mwaka 2001. Mtumishi huchangiwa asilimia 6 ya mshahara wake wa msingi, nusu ikikatwa kwake na nusu ikitolewa na mwajiri, na kadi humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wanavijiji wengi wa Bahi, Kongwa na Mpwapwa waliujua kwa ada ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ulikuwa na wigo mdogo zaidi: huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta utaratibu mpya, usitegemee maelezo ya jirani aliyejiunga zamani. Nenda ofisi ya mfuko wako wa bima au kwa afisa mtendaji wa kijiji, utaje kwamba una kisukari, kisha uulize kitita chako, yaani orodha ya huduma ambazo bima yako inazilipia, kinagharamia dawa zipi na katika vituo vya ngazi gani.

Neno “ngazi” ndilo linalowagharimu watu wengi. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hupanga kila dawa kulingana na kituo kinachoruhusiwa kuitoa, kuanzia zahanati na kituo cha afya, kupanda hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya kanda, hadi ya taifa. Metformini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, ni dawa ya kawaida. Lakini daktari bingwa wa Hospitali ya Benjamin Mkapa anaweza kukuandikia dawa mpya zaidi, ambayo kituo cha afya kilicho karibu na kwako hakiruhusiwi kuitoa kwa bima. Mgonjwa asiyejua hilo huishia kuinunua kila mwezi. Kwa hiyo, siku unapoandikiwa dawa mpya, muulize daktari palepale: “Dawa hii ipo kwenye kitita changu? Nitaichukulia wapi mwezi ujao, na je, inahitaji kibali cha Mfuko kwanza?” Daktari hawezi kukasirishwa na swali hilo, kwa kuwa yeye pia anataka dawa aliyoiandika imezwe.

Ikumbukwe kwamba Shirika la Afya Duniani liliingiza insulini zinazofanya kazi kwa muda mrefu na dawa za kundi la empagliflozini, ambazo ni vidonge vipya zaidi vya kisukari, katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini kuwepo kwenye orodha hiyo hakumaanishi kwamba bima yako hapa nchini inazilipia. Ikiwa jibu ni hapana, muulize daktari kama kuna dawa iliyo kwenye kitita inayoweza kukufaa. Uamuzi huo ni wake. Usibadilishe wala kupunguza dawa mwenyewe kwa kuogopa gharama.

Vilevile hakikisha cheti cha dawa anachokupa daktari kimeandikwa jina halisi la dawa, yaani jina la kitaalamu, badala ya jina la kibiashara la kampuni. Kuna duka moja la dawa mjini ambako tuliambiwa kwamba dawa iliyoandikwa hailipiwi na bima, tukalipa fedha taslimu, na baadaye mfamasia mwingine akatueleza kwamba dawa ileile, yenye nguvu ileile, ilikuwepo kwa jina lake halisi na ingetolewa kwa kadi. Tangu siku hiyo sisogei dirishani kabla sijasoma cheti chenyewe.

Baada ya jina, angalia kiasi. Hapa ningeomba kila anayemhudumia mgonjwa wa insulini ashike kalamu na kufanya hesabu, kwa maana ndipo upungufu mwingi unapojificha. Chupa ya kawaida ya mililita 10 yenye nguvu ya yuniti 100 kwa kila mililita ina yuniti 1,000. Mgonjwa anayechoma yuniti 40 kwa siku huimaliza kwa siku 25. Akipewa chupa moja na tarehe ya kurudi ikawa baada ya siku 30, siku tano za mwisho hana dawa, naye atalazimika ama kununua ama kukaa bila insulini, jambo ambalo ni la hatari kubwa, na kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza linaweza kuua. Anayetumia yuniti 30 kwa siku huona kama chupa moja inamtosha siku 33, lakini insulini za kawaida zikishafunguliwa hazipaswi kutumika zaidi ya wiki nne hivi, kwa hiyo naye anahitaji chupa ya pili kabla ya hapo. Hesabu ya vidonge ni nyepesi: metformini kidonge kimoja mara mbili kwa siku ni vidonge 60 kwa siku 30. Ukikuta kiasi hakilingani na tarehe ya kurudi, rudi kwa daktari siku hiyohiyo arekebishe cheti.

Dawa ikikosekana dirishani, usiondoke ukiwa na maneno matupu ya “haipo”. Kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa kuna fomu ya dawa, ambayo wengi huijua kama 2C, inayokuwezesha kuchukua dawa katika duka lililosajiliwa na Mfuko. Iombe, hakikisha imejazwa kikamilifu na kugongwa mhuri, kisha uulize ni duka gani linaipokea, ili usizunguke mji mzima kwa bajaji.

Asiye na bima na asiye na uwezo pia ana njia. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataja kisukari miongoni mwa magonjwa ya kudumu yanayostahili msamaha wa kuchangia gharama katika vituo vya serikali. Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, uonane na afisa ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kufika dirisha la malipo. Msamaha hauhakikishi kwamba dawa itakuwepo, ila huondoa gharama ya kumwona daktari na vipimo. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ulizia kliniki inayotoa insulini bila malipo kupitia mpango wa Changing Diabetes in Children.

Vijiti vya kupimia sukari nyumbani viulizie peke yake. Usidhani kwamba vinaingia kwa kuwa dawa imeingia, na vitengee fedha mapema.

Mwisho kabisa huja fomu ya madai (ambayo kituo hutumia kuidai bima malipo) au uthibitisho wa huduma ambao mnufaika huombwa kuukamilisha. Hesabu dawa kwanza, linganisha na kilichoandikwa, ndipo utie saini. Mama yangu haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo mimi humsomea kila mstari kwa sauti, naye hushika kalamu nikimaliza.