Kutunza Meza na Vifaa vya Stenlesi katika Jiko la Hoteli

Stenlesi, yaani chuma cha pua, haishiki kutu upesi kwa sababu imechanganywa na metali ya kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, ambayo ikikutana na hewa hujenga juu yake utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, ilimradi uso uwe safi. Lakini chumvi na klorini huutoboa, ndiyo maana majiko ya hoteli za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, yanayopigwa na upepo wa bahari, yanahitaji uangalizi zaidi.

Kwa usafi wa kila siku, zima kifaa, kiache kipoe, kisha kioshe kwa maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, ukifuata mlalo wa mistari midogo iliyoachwa kiwandani. Suuza, kisha kausha papo hapo kwa kitambaa safi. Wengi huishia kwenye kuosha, ilhali maji yanayojikaukia yenyewe ndiyo yanayoacha madoa na chumvi.

Ukoko wa mafuta kandokando ya kikaangio cha chipsi ulowekwe kwanza, halafu uondolewe kwa kikwangulio cha plastiki au kwa baikabonati ya soda iliyokorogwa na maji kidogo hadi ikawa nzito. Stilwaya isitumike kabisa. Chembe zake za chuma cha kawaida hubaki ndani ya mikwaruzo na kushika kutu, kisha meza ndiyo inayolaumiwa.

Dawa ya klorini ina kazi yake ya kuua vijidudu, ila ichanganywe kwa kipimo cha lebo, ikae kwa dakika zilizoelekezwa tu, kisha isuuzwe. Kuilaza usiku kucha ndani ya sinki ni kuliharibu kwa makusudi. Chumvi nayo itiwe sufuriani maji yakishachemka na ikorogwe, kwa kuwa ile inayotuama chini hula chuma na kuacha vishimo.

Magamba meupe ya maji magumu huondoka kwa siki iliyozimuliwa kwa maji. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini, kwa maana hutoa gesi ya sumu, na dawa za vyooni zenye asidi ya haidrokloriki zisiingie jikoni.

Doa la kutu likionekana, lipitishie ukucha. Lililo juu juu husuguliwa kwa baikabonati likatoka; palipochimbika hapang'arishiki tena. Hapo inafaa kuangalia aina ya chuma: daraja la 304, lenye takriban asilimia 18 za kromiamu na 8 za nikeli, halivutwi sana na sumaku, ilhali 430, lisilo na nikeli ya maana, huinasa barabara na ni dhaifu zaidi mbele ya chumvi. Jaribu sumaku katikati ya meza, si kwenye kona zilizokunjwa, ambako hata 304 huweza kuivuta kidogo.