Kutafsiri istilahi za mirathi za Kijerumani kwa Kiingereza

Kabla ya kufungua kamusi, mfasiri ajiulize: mtu akifariki, mali yake inahamia kwa nani? Kwa mujibu wa kifungu cha 1922 cha Bürgerliches Gesetzbuch, sheria ya kiraia ya Ujerumani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, mali yote huhamia kwa mrithi papo hapo, na madeni ya marehemu humfuata. Nchini Uingereza mali hupitia kwanza kwa msimamizi, ambaye hulipa madeni ndipo agawe kinachobaki. Sisi tuliozoea barua za usimamizi wa mirathi za Tanzania na Kenya tuko karibu zaidi na utaratibu huo wa Kiingereza, na mazoea hayo ndiyo hutuponza.

Kwa hiyo "Erbe", yaani mrithi, ni "heir". Ukiandika "beneficiary", msomaji wa London atamwona mtu anayesubiri kugawiwa, ilhali huyu ameshamiliki na anawajibika kwa madeni. "Vermächtnisnehmer" ni "legatee", mtu aliyeachiwa kitu fulani na ambaye ana haki ya kumdai mrithi akabidhi kitu hicho, basi.

Ugumu huanza katika wosia ulioandikwa kwa mkono bila msaada wa mwanasheria. Chukua sentensi "Ich vermache meiner Schwester alles, was ich habe". Kitenzi "vermachen" kisheria kinaelekea kwa "Vermächtnis", yaani kitu fulani anachoachiwa legatee, lakini watu wa kawaida hukitumia kwa urithi wa aina yoyote, na kifungu cha 2087 kinamhesabu aliyeachiwa mali yote kuwa mrithi hata kama hakuitwa hivyo. Andika "I leave my sister everything I have". Kitenzi "leave" hakielemei upande wowote, kwa hiyo swali linabaki kwa hakimu. Ukimwita dada huyo "legatee", umemvua hadhi yake kwa neno moja, na kwangu hilo ni kosa zito kuliko kosa lolote la sarufi.

"Erbschein" usiite "grant of probate", hati ya Kiingereza inayompa msimamizi mamlaka ya kusimamia mali. Erbschein, inayotolewa na "Nachlassgericht" (mahakama ya mirathi), inathibitisha tu nani ni mrithi na fungu lake ni kiasi gani. "Certificate of inheritance" inatosha, na neno la Kijerumani libaki kando yake linapotajwa mara ya kwanza. "Pflichtteil" linahitaji maelezo mafupi, kwa sababu "compulsory share" peke yake humfanya msomaji adhani kwamba mtoto aliyenyimwa urithi anapata sehemu ya nyumba, kumbe anadai fedha tu, zenye thamani ya nusu ya fungu ambalo sheria ingempa.

"Ausschlagung", yaani kuukataa urithi, huwa "disclaimer". Muda wake ni wiki 6, au miezi 6 ikiwa makazi ya mwisho ya marehemu yalikuwa nje ya Ujerumani tu au mrithi alikuwa nje muda ulipoanza kuhesabiwa. Barua ya mahakama ikitaja muda huo, hakikisha wiki hazigeuki miezi wala miezi wiki, kwa kuwa mrithi akichelewa, madeni ya marehemu huwa yake.