Antena ya Kariakoo: hesabu ghorofa kwanza

Ukitaka kujua antena ya Kariakoo itafikisha mawimbi wapi, fomula ya Mjapani Masaharu Hata, ya kukadiria mawimbi yanavyopungua njiani, iache kando. Ilichapishwa mwaka 1980 kutokana na vipimo vya mtafiti Okumura huko Japani, na jibu inatoa papo hapo. Lakini inataka antena iwe juu ya mapaa ya jirani, na umbali uanzie kilomita 1. Mteja wako yuko mita 150 tu, nyuma ya ukuta wa ghorofa kumi.

Hapo inatakiwa programu ya kufuatilia miale, yaani inayofuata njia za mawimbi yanapogonga kuta na kurudi. Natumia Sionna, haina malipo. Majengo nayachota OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, nayapitisha Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, kisha kila sehemu naipa asili yake: kuta zege, mapaa ya bati chuma. Bati usilipuuze, linarudisha mawimbi kwelikweli.

Kazi kubwa ni urefu. Majengo mengi kwenye ramani yana umbo la chini tu, hayana kimo, na programu huyapa yote kimo kimoja. Picha inapendeza, ila ni uongo mtupu. Nenda Mtaa wa Kongo, Sikukuu na Mkunguni kwa miguu, usimame ng'ambo ya barabara uhesabu ghorofa. Kila moja mita 3. Ile ya chini yenye maduka ipe 4 na nusu, maana mara nyingi kuna stoo imebanwa juu yake. Jengo lenye nguzo na sakafu tupu usilichore kama jiwe zima, mawimbi yanapita katikati. Nenda Jumapili asubuhi; siku nyingine, ukitazama juu na daftari mkononi, wenye maduka watasema mtu wa kodi huyo.

Kabla ya kuamini programu, futa humo majengo na ardhi. Kwa masafa ya 1800 MHz, mita 100 kutoka antena, upotevu wa mawimbi uwe kama desibeli 77.5. Ukipata vingine, kuna mpangilio umekosewa. Ukirudisha majengo, anza na miruko mitatu, yaani wimbi ligonge na kurudi hadi mara tatu, na uwashe kupinda kwa mawimbi kwenye kona, la sivyo vichochoro vitaonekana giza.

Mwisho pita na simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi, ulinganishe. Tofauti ikiwa ileile mitaa yote, rekebisha nguvu ya antena au upotevu wa kebo. Ikiwa kona moja tu, rudi ukahesabu ghorofa, huenda wameongeza.