Maji yakishuka: jinsi kikundi chenu kinaweza kuomba pesa ya dispensari, vyoo na maji safi

Watu wangu wa Nyando, Ahero, Budalangi na nyinyi wa Nakuru pia, mafuriko yakija wiki ya kwanza misaada haikosi, unga inakuja, blanketi zinakuja, kamera zinakuja. Shida iko mwezi wa tatu baada ya mafuriko, watu wamerudi makwao, ukuta bado umelowa, choo kimeporomoka, dispensari haina friji ya chanjo na hakuna mtu anapiga simu tena. Pesa ya wakati huo huwa iko, lakini inaenda kwa kikundi kilichoanza kuandika mapema. Sisi 2020, ziwa lilipopanda, tuliomba tukiwa tumechelewa na karatasi nusu nusu, mfadhili akaturudishia akiuliza mbona tunaomba blanketi na maji yalishakauka. Iliniuma sana juu nilijua watoto walikuwa wanaharisha.

Kwa hivyo anza na daftari. Kabla ya proposo, yaani barua ya kuomba pesa, kabla ya mkutano wowote, nunua kaunta buku ya jalada gumu, uandike mwenye nyumba, kijiji, watu wangapi, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, nyumba imeanguka ama imelowa tu, choo kipo ama kimeenda, maji wanachota wapi. Andika na tarehe kila ukurasa. Jambo moja nakuomba sana, ugonjwa wa mtu usiandike humo. Wale CHP wa kijiji, wahamasishaji wa afya wanaotembelea nyumba, ndio wanajua nani dawa zake za ARV, TB, presha ama sukari zimebebwa na maji, waambie wakupe hesabu tu bila majina, juu hiyo daftari itapita mikono mingi na hakuna mtu anafaa kuaibishwa ndio apate msaada.

Picha nazo piga na kipimo. Mafuriko ya 2024 tulipoingia dispensari yetu maji yalikuwa yameacha mstari wa kahawia ukutani, nesi akashika tepu ya fundi pale sakafuni mimi nikasoma juu, sentimita 94, tukapiga picha namba zikionekana, na kando friji ya chanjo imelala ubavu na matope kwa raba ya mlango. Hiyo picha moja ilifanya kazi kuliko kurasa nne nilizokesha nikiandika.

Karatasi za kikundi si ngumu vile watu wanasema. Sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu 10 kwenda juu, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii kwa sub-kaunti yenu na katiba, minitsi na orodha ya memba na vitambulisho. Kisha akaunti ya benki kwa jina la kikundi, sahihi tatu. Tafadhali msichangishe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata mweka hazina akiwa mwaminifu namna gani, siku simu ikiibiwa mtamshuku mtu mzuri bure. Kama mfadhili anataka shirika lenye usajili mkubwa, ule wa sheria ya PBO, ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, si lazima mkimbilie kusajili lenu, tafuteni shirika ambalo tayari liko, lipokee pesa kwa niaba yenu, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa.

Sasa muombe nini? Mimi nasema maji na choo kwanza, na sababu yangu ni Beira kule Msumbiji. Kimbunga Idai kilipiga usiku wa tarehe 14 Machi 2019, upepo ukapita, na kufikia tarehe 27 kipindupindu kikathibitishwa, mwanzo wa Aprili wakaanza kampeni ya chanjo ya matone, dozi karibu 900,000. Huku kwetu hatupigwi na kimbunga kama hicho, lakini maji yetu yanafanya kazi ile ile, yanatoa uchafu chooni yanaupeleka kisimani.

Wafadhili wengi wanatumia vipimo vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya maafa, na ukivijua proposo inajiandika: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja watu 20, shimo la choo mita 30 ama zaidi kutoka kwa maji. Tuseme daftari inaonyesha watu 400 kwa nyumba 80. Hapo ni lita 6,000 kwa siku na vyoo 20. Ya kunywa, kila nyumba ikitibu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku kwa kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67, ni vidonge 80 kwa siku, mwezi 2,400. Mfadhili akiona hesabu imetoka kwa majina halisi hakuulizi maswali mengi. Na kwa udongo mweusi wa Kano usiombe mashimo marefu, maji yako karibu chini, omba vyoo vya kuinuliwa na fundi akuandikie kwotesheni.

Dispensari ni mali ya kaunti, kwa hivyo ambatanisha barua ya nesi inchaji, ya kamati ya dispensari na ya ofisi ya afya ya kaunti. Bila hizo hamtapata hata msumari.

Halafu wekeni pesa ya kaunsela, mtu wa kuongea na walioumia roho. Watu wanaruka hii na mimi inanisumbua roho. Solai bwawa lilipopasuka Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, na Mai Mahiu maji yalipobeba watu Aprili 2024, waliobaki hawakuhitaji mabati pekee. Hata huku kuna mtoto anaanza kulia mvua ikigonga paa tu.

Kuomba, anzeni karibu: watoto wa kijiji walioko Nairobi na ng'ambo, makanisa, misikiti, sako. Mkitaka kusimama na kopo pale stegi pitieni kwanza ofisi ya serikali mpate ruhusa, michango ya hadharani ina sheria yake. Tawi la Msalaba Mwekundu la kaunti wapeni orodha mapema ili msirudie kazi yao. KCDF, wakfu wa Kenya wa maendeleo ya jamii, wamesaidia vikundi vya jamii tangu 1997, na Rotary wana ruzuku za maafa ila zinaombwa na distrikti yao, kwa hivyo ongeeni na klabu ya Kisumu ama Nakuru.

Pesa ikiingia, kila risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo, juu karatasi ya hadwea inafifia. Bandikeni mlangoni mwa dispensari imeingia ngapi, imetoka ngapi, imenunua nini, kwa maandishi makubwa ambayo shosho anaweza kusomewa na mjukuu. Na kukibaki kitu, hata elfu tatu, mwandikieni mfadhili kabla ya kuigusa. Sisi ilibaki kidogo, tukaomba inunue ndoo za kunawa mikono za shule, jibu likaja siku mbili baadaye: nunueni.